Herufi Zinazosema: Maana na Asili ya Majina Mafupi ya Vyombo vya Ulinzi katika Kiswahili cha Unguja

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna majina mafupi ya vyombo vya ulinzi na upelelezi yanavyopata maana katika Kiswahili kinachosemwa Unguja. Mazoea ya wanaisimu na wahakiki ni kulichukulia umbo kamili la jina kuwa ndiyo maana ya kifupisho. Makala yanapinga mazoea hayo kwa ushahidi wa aina tatu: umbo la kifupisho lenyewe, upatanisho wa kisarufi kinaoutawala, na fasiri ambazo umma umekipa. Majina KMKM, FFU na Usalama yanalinganishwa na majina ya vyombo vya kijeshi vya nje, hususan GRU na SMERSH vya Kisovieti na DEMIAP ya Kongo. Mwisho, makala yanaeleza athari za hoja hii katika usomaji wa riwaya ya Adam Shafi, Haini (2003), na katika utungaji wa kamusi.

1.0 Utangulizi

Anayesahihisha tasnifu za fasihi ya Zanzibar hukutana mara kwa mara na tanbihi ya aina moja. Mtahiniwa anafika penye jina la kikosi, anaweka alama, na chini ya ukurasa anaandika maneno ambayo herufi zile zimeyafupisha. Kisha anaendelea na safari yake, akiamini kwamba amekwishaeleza maana. Kamusi zetu zinapoorodhesha vifupisho mwishoni hufanya vivyo hivyo: upande wa kushoto herufi, upande wa kulia maneno. Katikati huwekwa nukta mbili, kama kwamba pande hizo zina uzito sawa.

Kwa vifupisho vingi utaratibu huo hauna madhara. Anayeambiwa kwamba BAKIZA ni Baraza la Kiswahili la Zanzibar amepata karibu yote anayohitaji. Vyombo vya ulinzi na upelelezi vina hali nyingine. Jina rasmi la chombo cha aina hiyo hutungwa na chombo chenyewe au na dola inayokimiliki, na mara nyingi hutungwa ili liseme kidogo. Anayeishia kwenye umbo kamili amesikia upande mmoja tu wa mazungumzo. Upande wa pili ni wa watu walioishi chini ya jina hilo, na upande huo una lugha yake, sarufi yake na hata utani wake.

Kwa hiyo swali la makala haya si “KMKM ni kifupisho cha nini?” Jibu la swali hilo hata mtoto wa skuli analijua. Swali ni hili: jina fupi la chombo cha nguvu hupata wapi maana yake, na ni nani mwenye haki ya kuifasiri? Mifano niliyoitumia inatokana na matumizi ya wazi ambayo msomaji yeyote wa Mji Mkongwe, Ng’ambo au mashamba anaweza kuyathibitisha kwa masikio yake.

2.0 Nani Hupewa Silabi?

Kiswahili kina njia mbili kuu za kufupisha majina ya taasisi. Ya kwanza ni kuchukua silabi au vipande vya maneno na kuviunga viwe neno linalotamkika: TUKI, TATAKI, BAKITA, BAKIZA, TAKILUKI. Ya pili ni kuchukua herufi za mwanzo na kuzitamka moja moja: SMZ, JWTZ, JKT, JKU, KVZ, KMKM. Njia ya kwanza inakubaliana na silabi huria za Kiswahili. Neno linalopatikana huingia katika usemi bila ya kubisha hodi, na wakati mwingine huangukia neno ambalo tayari lipo. BAKIZA, kwa mfano, halitofautiani kwa sauti na kitenzi bakiza, jambo ambalo halijawapita watani.

Orodha hizo mbili zikiwekwa pamoja, jambo moja linajitokeza. Taasisi za lugha na elimu zimepewa silabi, na vikosi vimepewa herufi. Jeshi la Kujenga Uchumi ni JKU, Kikosi cha Valantia Zanzibar ni KVZ, na Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo ni KMKM. Mwelekeo huu si kanuni isiyovunjika. TAKUKURU ni chombo cha kutekeleza sheria na jina lake ni la silabi. Lakini TAKUKURU haina gwaride wala haipangi safu barabarani. Penye sare na silaha, herufi zimeshinda.

Zipo sababu za kawaida za hali hiyo. Mapokeo ya kijeshi tuliyoyarithi kutoka kwa Waingereza yalikuwa ya herufi. Isitoshe, majina mengine hayafupishiki kwa silabi. Msomaji akijaribu mwenyewe kuunga silabi za mwanzo za maneno makuu ya Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, atafahamu upesi kwa nini hakuna kamanda aliyeweza kulipitisha neno hilo, sembuse kulitamka mbele ya wakwe.

Hata hivyo, matokeo ya uchaguzi huo yanazidi sababu zake. Jina la herufi halitamkwi kwa Kiswahili. KMKM husomwa kwa majina ya herufi za Kiingereza, “kei-em-kei-em”, na JKU husomwa “jei-kei-yuu”. Umbo kamili ni Kiswahili fasaha, lakini umbo fupi, ambalo ndilo linaloishi kinywani, hupitia alfabeti ya mkoloni aliyekwishaondoka. Kila mara jina linapotajwa, Kiswahili kinaandika na Kiingereza kinasoma. Nadhani hapa pana sehemu ya ubaridi wa majina hayo: mzungumzaji anaposema “kei-em-kei-em” hasikii kikosi, wala magendo, wala kuzuia. Anasikia sauti nne zisizo na mzizi katika lugha yake, na sauti isiyo na mzizi iko tayari kupokea maana yoyote ambayo maisha yataipa.

3.0 Herufi Zinapoishi Kuliko Maneno

Iwapo maana ya kifupisho ni umbo lake kamili, basi umbo kamili likibadilika au likipitwa na wakati kifupisho nacho kingepaswa kutikisika. Mifano inaonyesha kinyume chake.

Tuanze na mfano wa nje ambao ni maarufu. Idara ya upelelezi wa kijeshi ya Kisovieti ilianza Novemba 1918 kwa jina lililoashiria usajili, ikabadilishwa jina mara kadhaa, na mwaka 1942 ikapata herufi zilizoivumisha duniani: GRU, yaani Kurugenzi Kuu ya Upelelezi. Ndani ya jina hilo la chombo cha kijeshi hakuna neno “jeshi”. Sifa ya ujeshi imeachiwa makao makuu yanayoimiliki kurugenzi hiyo, na msikilizaji anatarajiwa kuijua. Mwaka 2010 jina rasmi lilifupishwa zaidi likawa GU, Kurugenzi Kuu, na lile neno lenye maana ya upelelezi likaondolewa. Kuanzia hapo kilikuwa chombo kikuu kisichosema ni kikuu cha nini. Lakini si magazeti ya dunia wala Warusi wenyewe walioacha kusema GRU, na mwaka 2018, katika maadhimisho ya miaka 100 ya idara hiyo, Rais Putin mwenyewe alipendekeza herufi ya kati irejeshwe. Uingereza ina mfano unaoshabihiana. MI6 inaitwa hivyo hadi leo ingawa jina rasmi ni jingine, na M yake ni ya ujeshi ambao idara hiyo si sehemu yake tena.

Turudi Unguja. Umbo kamili la KMKM linataja kazi moja tu, kuzuia magendo. Kazi hiyo ina historia nzito katika visiwa ambavyo uchumi wake ulisimama juu ya karafuu, na ambavyo tofauti ya bei baina ya pwani hii na ile ilikuwa kishawishi cha kila mwenye chombo. Lakini kikosi chenye makao yake Kibweni ni kikosi cha bahari kwa maana pana zaidi. Katika ajali za MV Spice Islander I, Septemba 2011, na MV Skagit, Julai 2012, kilikuwamo miongoni mwa waliotafuta manusura na maiti. Kwa familia iliyosubiri ufukweni siku zile, KMKM lilikuwa jina la watu wanaozamia kumtafuta mtu wao, na magendo hayakuwamo kabisa katika maana hiyo. Kwa mvuvi aliyesimamishwa usiku na chombo chake kikapekuliwa, herufi zile zile nne zina maana nyingine. Na kwa kijana wa Amani siku ya mechi, KMKM ni timu ya mpira.

Hizi si maana tatu zinazogombana. Ni ishara moja iliyokatika kwenye gati yake na sasa inaelea. De Saussure alitufundisha kwamba uhusiano wa ishara na maana ni wa nasibu. Kifupisho huanza kikiwa na sababu inayoonekana, kisha nasibu hukidaka njiani. Nukta mbili za kamusi hurekodi kuzaliwa kwake tu.

4.0 Ushahidi wa Upatanisho

Msomaji anaweza kusema kwamba hayo ni hisia za wasemaji, na isimu haipimi hisia. Lakini Kiswahili kina chombo cha kupimia ambacho lugha nyingi hazina, nacho ni ngeli. Kifupisho hakibebi kiambishi cha ngeli, kwa hiyo msemaji hulazimika kuchagua, na uchaguzi wake hufichua anachokiona.

Tuchukue sentensi hizi:

(1) KMKM kimeanzishwa kwa mujibu wa sheria.
(2) KMKM imeifunga JKU.
(3) KMKM wamemchukua.

Katika (1) kiambishi ki- kinatokana na neno kikosi, ambalo halikutajwa lakini linatawala. Hii ni sarufi ya mwandishi wa sheria na wa hotuba, na kwake umbo kamili bado liko hai chini ya herufi. Katika (2) kiambishi i- ni cha ngeli inayopokea majina ya taasisi, kampuni na timu. Kikosi kimesahauliwa na kilichobaki ni jina. Ndiyo sarufi ya kurasa za michezo. Katika (3) kiambishi wa- ni cha watu. Msemaji haoni kikosi wala taasisi. Anaona wanaume waliofika mlangoni. Tena hawaoni mmoja mmoja, kwa kuwa hasemi “askari wa KMKM amemchukua”. Anaziona herufi zenyewe zimeota mikono.

Uteuzi huu haufanywi ovyo. Taarifa rasmi hukwepa (3) hata pale inapozungumzia kitendo kilichofanywa na watu, kwa sababu (3) ina wahusika na wahusika wanaweza kuulizwa. Msimuliaji wa mtaani naye hukwepa (1), kwa sababu kikosi hakimpigi mtu kofi. Watu ndio wanaopiga. Ukubalifu wa (3) katika usemi wa kila siku ni ushahidi wa kisarufi kwamba umma hauioni maana ya kifupisho katika umbo lake kamili. Lau ungeiona humo, ki- ingeshinda kila mahali.

5.0 Jina Lisilohitaji Kufupishwa

Chombo kinachoogopwa zaidi mara nyingi huwa ndicho chenye jina jepesi zaidi. Sheria ya mwaka 1996 iliyoipa idara ya upelelezi ya Tanzania msingi wa kisheria iliandikwa kwa Kiingereza, na jina la humo lina maneno mawili ya kazi: upelelezi na usalama. Herufi zake ni TISS. Kwa Kiswahili tunasema Idara ya Usalama wa Taifa. Katika safari hiyo ya kutoka lugha moja hadi nyingine, upelelezi umedondoka baharini na taifa limepakiwa mahali pake. Kenya walikwenda njia nyingine: vyombo vyao vya habari vya Kiswahili huliita shirika lao la NIS shirika au idara ya ujasusi. Lugha ni moja na kazi zinafanana, lakini nchi moja imelitaja tendo na nyingine imelitaja lengo.

Ujasusi ni neno lenye doa. Tumelichukua kutoka Kiarabu, na jasusi kwetu huwa wa adui. Usalama ni neno safi, kwani mzizi wake ndio unaoamkia watu asubuhi na kuwaaga wasafiri. Inafaa kukumbuka kwamba Waarabu wenyewe wana namna mbili za kuviita vyombo hivi. Ya kwanza hutumia mzizi uliotupa sisi habari, kwa hiyo mukhabarat kwa sikio la Mswahili ni wenye kushughulika na habari. Ya pili hutumia amn, ndugu wa amani, imani na amana. Zanzibari anayeishi Maskati huishi chini ya jina la mzizi wa amani, na nduguye aliyebaki Malindi huishi chini ya jina la mzizi wa salama. Warusi nao, katika lile neno la mwisho la KGB, hujenga usalama kwa kukanusha: ni hali ya kutokuwa na hatari. Karibu kila lugha hukiita chombo hiki kwa kile kinachoahidi.

Historia ya Unguja imefungamana na majina hayo ya nje kwa karibu zaidi kuliko inavyodhaniwa. Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki mwanzoni mwa 1964, na pamoja na wahandisi wa nyumba za Kikwajuni na Michenzani walikuja washauri wa mambo ya usalama. Markus Wolf, aliyekuwa mkuu wa ujasusi wa nje wa nchi hiyo, ameieleza safari yake ya Zanzibar katika kumbukumbu zake. Wizara yake kwa herufi rasmi iliitwa MfS, lakini Wajerumani waliifupisha kwa silabi, Stasi, kutoka neno lenye maana ya usalama wa dola. Sidai kwamba jina letu ni tafsiri ya jina lao. Ninachosema ni kwamba tofauti inafaa kutazamwa: wao walisema dola, sisi tunasema taifa. Dola ni wenye madaraka. Taifa ni sote. Jina letu linatuhesabu sote kuwa wenye mali inayolindwa.

Sasa tuutazame umma ulivyolipokea. Haukushika herufi. TISS huandikwa zaidi kuliko inavyosemwa, na ufupisho wa Kiswahili, UWT, ulikwishachukuliwa na Umoja wa Wanawake Tanzania. Umma umefanya kitu chepesi na cha ajabu zaidi: umelichukua neno usalama, nomino dhahania, na kumvisha mtu. “Yule ni Usalama.” “Usalama wamo humu.” Nomino ya hali imekuwa nomino ya mtenda na imepata upatanisho wa a-/wa-. Pembeni yake limezuka shushushu, neno linalojirudia kama mnong’ono na lisilohitaji umbo kamili, kwa kuwa sauti yake ndiyo maana yake. Katika mabadiliko ya usalama kuwa Usalama mna uhakiki wa kisiasa ambao hakuna aliyeuandika. Neno lililokuwa la hali ya kutoogopa limekuwa la mtu wa kuogopwa, na herufi kubwa tu ndiyo inayoyatenganisha. Katika usemi hata herufi hiyo haisikiki.

6.0 Kutoka Jina hadi Tamko

Majina tuliyoyaona hadi sasa ni virai nomino. Hayana nafsi: hayasemi “mimi” wala “wewe”. Lakini jina fupi linaweza pia kuwa tamko.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni SMERSH, jina la upelelezi wa kijeshi wa Kisovieti wa kuwasaka majasusi, lililoanza kutumika Aprili 1943 na kudumu hadi 1946. Halikutokana na maelezo ya idara. Limetokana na maneno mawili ya Kirusi, smert shpionam, yaani kifo kwa majasusi. Hili ni wito, na ndani yake hukumu imekwishatolewa. Ofisi iliyobeba jina hilo ilijitangaza mwisho wa kesi kabla ya kuianza. Jirani zetu wa Kongo wana jina linalokaribia hapo. DEMIAP, chombo cha upelelezi wa kijeshi cha enzi ya Laurent Kabila, kwa Kifaransa lilifupisha maneno yenye maana ya ugunduzi wa kijeshi wa shughuli zilizo dhidi ya nchi ya asili. Hapa kinachotajwa si anayelindwa bali anayewindwa, na anatajwa kwa namna ambayo mtu yeyote anaweza kuingizwa humo, kwa sababu mwenye kuamua kilicho dhidi ya nchi ni chombo chenyewe.

Kwetu dola haikutunga jina la aina hiyo. Umma umeitungia. Kikosi cha polisi kinachoitwa rasmi Kikosi cha Kutuliza Ghasia kinajulikana kwa herufi za jina lake la Kiingereza, FFU. Hakuna asiyejua jinsi watu walivyozifasiri: Fanya Fujo Uone. Fasiri hii imeenea kiasi kwamba wapo vijana wanaoamini kuwa ndiyo asili ya jina.

Wanaisimu huitaja kama mfano wa utani, kisha huiacha. Inastahili zaidi ya hapo. Kwanza, ni ukombozi wa kisarufi. Herufi zilizokuja na Kiingereza zimepatiwa Kiswahili kamili: vitenzi viwili na nomino moja, bila ya neno hata moja la mkopo wa Ulaya. Pili, muundo wake ni kitenzi cha amri kikifuatiwa na kitenzi cha dhamira tegemezi, ambao ndio muundo wa vitisho vyetu vya kila siku: thubutu uone, jaribu uone. Uone hapa haina yambwa. Utaona nini? Kitisho hakisemi, na kwa kutosema kinamwachia msikilizaji amalizie kwa khofu yake mwenyewe. Tatu, na hili ndilo kubwa, fasiri hii inaipa dola sauti. Kutuliza ghasia ni kitenzi-jina kisicho na mtenda. Fanya fujo uone ina mimi aliyefichika na wewe aliye wazi. Umma umesikia ndani ya herufi tatu sentensi ambayo jina rasmi liliificha, ukaitamka.

Kinyume cha SMERSH kiko hapa. Kule dola ilijitungia kitisho na raia wakalazimika kukitumia kama jina. Huku dola imejitungia jina na raia wamekisikia kitisho. Bakhtin alisisitiza kwamba neno hukaliwa na sauti za wote waliolitumia kabla yetu. Katika FFU sauti mbili zinasikika kwa mara moja, na ya pili inaiiga ya kwanza ili kuifichua. Baada ya tarehe 27 Januari 2001, polisi walipowafyatulia risasi waandamanaji wa upinzani Unguja na Pemba, fasiri hiyo haikuweza tena kuitwa utani mtupu. Watu walikuwa wameona.

Inaweza kupingwa kwamba nikikubali fasiri za umma kuwa maana, basi kila mzaha wa kijiweni utadai ukurasa katika kamusi. Pingamizi hilo lina haki, na jibu lake ni kipimo. Mzaha wa mtu mmoja hubaki mzaha. Fasiri inayopokezanwa kizazi baada ya kizazi, inayoeleweka bila ya maelezo kutoka Unguja hadi bara, na inayotumika katika mazungumzo ya dhati pia, imekidhi masharti yote tunayoyatumia kukubali maana ya methali.

7.0 Haini na Mlango wa Ba Mkwe

Sasa tunaweza kurudi kwenye tanbihi ya mtahiniwa. Riwaya ya Adam Shafi, Haini, imejengwa juu ya kamatakamata iliyofuatia kuuawa kwa Rais Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972, na mwandishi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliowekwa kizuizini. Ni riwaya ya jela na mateso, na wengi wameisoma kama ushahidi wa kihistoria. Ninapendekeza isomwe pia kama riwaya ya majina.

Jina lake lenyewe ni jina ambalo dola humpa raia. Kimofolojia, neno hili huenda kinyume na mwendo wa usalama. Usalama ulikuwa hali ukawa mtu. Haini ni mtu kwanza, kisha kwa kiambishi u- hupatikana uhaini, kosa. Mpangilio huo wa kisarufi unalingana na mantiki ya chumba cha mahojiano: mtu hupatikana kwanza, na kosa hutengenezwa kutoka kwake. Lile jina la Kongo lilitaja shughuli zilizo dhidi ya nchi. Kiswahili kina neno moja tu, nalo linatosha.

Ulinganisho na riwaya ya awali ya mwandishi huyo huyo, Vuta N’kuvute (1999), unasaidia. Humo nguvu ya kikoloni inayomwandama Denge ina cheo na jina la mtu: Inspekta Wright. Msomaji anaweza kumchukia, kumcheka, hata kumfahamu. Adui mwenye jina la mtu ni mhusika. Nguvu inayoitwa kwa herufi au kwa nomino dhahania si rahisi kuwa mhusika, na hapo ndipo ilipo kazi ngumu ya Haini: kuipa sura ya kibinadamu nguvu ambayo lugha rasmi imeinyima sura. Mhakiki anayemaliza kazi kwa tanbihi ya umbo kamili anairejesha nguvu hiyo ndani ya pazia ambalo mwandishi alilivuta.

Historia ya visiwa imehifadhi mfano wa majibu ya umma katika kiwango cha mahali. Nyumba ya mateso ya miaka hiyo ilijulikana kwa watu kwa jina la Kwa Ba Mkwe. Kwa mila zetu, nyumbani kwa baba mkwe mtu huingia kwa adabu, huinamisha macho, hunyamaza asipoulizwa, na akitoka hasimulii. Ninavyolisoma jina hili, halikupunguza ukali wa mahali hapo. Liliueleza kwa usahihi kwa wale waliojua adabu za kwa mkwe, na kumficha msemaji kwa wale wasiotakiwa kusikia. Wakati huohuo lugha rasmi iliziita jela Vyuo vya Mafunzo, na wafungwa wakaitwa wanafunzi. Chuo na nyumba ya mkwe: majina yote mawili ni ya tafsida, lakini tafsida ya dola inafuta maumivu na tafsida ya umma inayabeba. Mwanafunzi wa fasihi asiyezitofautisha tafsida hizo atazisoma kurasa za Haini bila ya kusikia nani anasema na nani.

8.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba umbo kamili la jina la chombo cha ulinzi ni cheti chake cha kuzaliwa, wala si wasifu wake. Maana hukua katika matamshi yanayoipitisha herufi kwenye alfabeti ngeni, katika ngeli inayomfichua mtenda, na katika fasiri ambazo umma huzitunga pale jina rasmi linaponyamaza. Ulinganisho na SMERSH na DEMIAP unaonyesha kuwa dola nyingine zimetia kitisho au shtaka ndani ya jina lenyewe. Mfano wa FFU unaonyesha kuwa pale dola isipotamka, wasemaji wanaweza kutamka kwa niaba yake.

Yapo mambo mawili ya kiutendaji. Watunzi wa kamusi waziingize fasiri za umma zilizokidhi kipimo cha uenezi na udumu, wakizitambulisha kuwa fasiri za umma, na waonyeshe upatanisho unaotumika kwa kila kifupisho badala ya kudhani kwamba ngeli ya neno kuu inatosha. Wasimamizi wa tasnifu nao wasiikubali tanbihi inayoishia kwenye nukta mbili. Wamtake mtahiniwa awaulize wazee waliokuwa watu wazima mwaka 1972 waliliitaje jina hilo, na walilitamka kwa sauti gani. Wengi wao hawapo tena, na waliobaki wamezoea kunyamaza. Jina rasmi litabaki katika sheria kwa karne nyingi. Hili jingine halijaandikwa popote ila vifuani mwao.